Jinsi ya Kuanzisha Chama cha Wapenzi wa Reptilia na Amfibia Mahali Unapoishi

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu maswali yale yale yanarudi kila mara, na wanaouliza wanastahili kuyapata majibu yote mahali pamoja. Mtu amependa nyoka, vinyonga, kobe au vyura tangu utotoni, jamaa zake wamekwisha kuchoka kumsikiliza, na siku moja anakutana na mwenzake mwenye mapenzi kama yake. Hapo wazo la chama huzaliwa, na pamoja nalo maswali matatu: Tunahitaji kuwa wangapi? Ni lazima tusajiliwe kwanza? Je, nije na nyoka wangu?

Majibu mafupi ni haya. Watu watatu wanatosha kuanza. Usajili kwa kawaida unaweza kusubiri mpaka mjue kama mtadumu, ingawa ni wajibu wako kuthibitisha sheria ya mahali ulipo inasemaje. Nyoka wako abaki nyumbani mpaka mtakapokuwa mmekamilisha Hatua ya 6. Jibu hili la tatu ndilo linalowakera wasomaji wengi, nami ndilo ninalolishikilia kuliko yote, kwa sababu mkutano unaoanza na wanyama mezani hugeuka maonyesho: watu huja, hutazama, hupiga picha, kisha huondoka bila kujuana majina.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wenzako wawili au zaidi walio tayari kufanya kazi, si kuhudhuria tu.
- Daftari moja la mahudhurio na jingine la fedha, hata kama bado hakuna fedha.
- Mahali pa kukutania penye mlango unaofungika vizuri, maji ya bomba na sabuni.
- Muhtasari wa ukurasa mmoja wa sheria za wanyamapori zinazohusu reptilia na amfibia katika nchi yako.
- Jina na namba ya simu ya daktari wa mifugo aliye tayari kutibu wanyama hawa, pamoja na jina la hospitali iliyo karibu yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka.
- Saa chache kila mwezi, kwa muda wa mwaka mzima. Ukiona huna saa hizo, tafuta kwanza mtu wa kusaidiana naye.

Huhitaji nembo, fulana wala akaunti ya benki kwa sasa.

Hatua ya 1. Tafuta wenzako wa kwanza

Usitangaze chama hadharani kabla hujapata watu wawili hadi wanne wa kuanza nao. Waulize daktari wa mifugo, walimu wa biolojia, watumishi wa makumbusho na wa idara ya wanyamapori, wapiga picha za viumbe, na hasa wale watu wanaoitwa na majirani wanapoona nyoka ndani ya nyumba. Kila eneo lina mmoja wao, na mara nyingi anafanya kazi hiyo peke yake bila mtu wa kuzungumza naye.

Jitahidi kundi hilo la kwanza liwe na mchanganyiko. Wafugaji wa nyoka wakiwa peke yao wataunda chama cha nyoka, na mpenda vyura atakayekuja mkutano wa pili ataona hana nafasi. Vyura, salamanda (amfibia wenye mkia na umbo kama la mjusi) na wale amfibia wasio na miguu wanaofanana na minyoo husahaulika kirahisi sana, ilhali wao ndio walio katika hali mbaya zaidi duniani: tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kuwa takribani spishi mbili katika kila tano za amfibia zimo hatarini kutoweka, na kwa reptilia tathmini ya mwaka 2022 ilionyesha takribani moja katika kila tano. Kwa hiyo mpe mpenda vyura kiti cha mbele tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2. Soma sheria kabla ya kuwaalika watu

Kuna ngazi mbili za sheria, na wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, ambao unasimamia biashara ya viumbe inayovuka mipaka ya nchi. Kobe wote wa nchi kavu, chatu wote, kenge wote na jamii nyingi za vinyonga wamo katika orodha zake, kwa hiyo kumsafirisha mmoja wao kutoka nchi moja hadi nyingine bila vibali ni kosa, hata kama ni zawadi ya rafiki. Ngazi ya pili ni sheria ya nchi yako, inayoamua nani anaruhusiwa kumkamata, kumfuga, kumuuza au hata kumshika mnyama wa porini, na ambayo mara nyingi ni kali kuliko mkataba wenyewe.

Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize ana kwa ana. Eleza mnachotaka kufanya, omba jina la afisa unayeweza kumpigia simu, kisha andika majibu aliyokupa na tarehe uliyoyapata. Ziara hiyo moja ina faida mbili: mnapata majibu sahihi, na maafisa wanawajua kabla mtu mwingine hajawapelekea habari zenu akiwa amezipotosha.

*Tahadhari:* Usikubali kauli ya "kila mtu hufuga, hakuna anayekamatwa." Mwanachama mmoja mwenye mnyama asiye na kibali anaweza kuwaingiza wote katika uchunguzi, na mwenye ukumbi hatawapokea tena.

Hatua ya 3. Andikeni lengo kwa sentensi mbili

Kaeni pamoja, watu wale watatu au watano, muandike chama ni cha nini na si cha nini. Kwa mfano: "Chama hiki kinawakutanisha watu wanaopenda kujifunza kuhusu reptilia na amfibia, kuwatunza ipasavyo na kulinda makazi yao. Chama hakinunui, hakiuzi wala hakipokei wanyama." Sentensi ile ya pili itawaokoa mara nyingi, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Jina la chama liwe rahisi na litaje eneo lenu, ili anayetafuta awapate. Msihofu kukosa mada za kuzungumzia, kwani dunia ina zaidi ya spishi 12,000 za reptilia na zaidi ya 8,000 za amfibia, na lugha yetu yenyewe imeingia katika elimu hii: vinyonga wa jenasi ya Kinyongia, iliyotangazwa na wataalamu mwaka 2006, wamepewa jina linalotokana na neno letu la Kiswahili.

Hatua ya 4. Pata ukumbi na siku isiyobadilika

Chagueni siku moja ya mwezi, kama Jumamosi ya pili saa tisa alasiri, na msiihamishe hata mkiwa wanne tu. Siku inayohamahama huua mahudhurio kuliko mvua na umbali. Chumba cha maktaba, darasa la shule, ukumbi wa mtaa au chumba cha mikutano cha makumbusho kinafaa. Nyumba ya mtu binafsi haifai kwa muda mrefu, kwa sababu mgeni, hasa mzazi aliye na mtoto, husita kuingia katika nyumba asiyoijua.

Mwambieni mwenye ukumbi kwa maandishi kuwa ninyi ni chama cha watu wanaopenda reptilia na amfibia, kwamba mikutano ya kwanza haitakuwa na mnyama yeyote, na kwamba siku mtakapotaka kuleta mmoja mtaomba ruhusa kwanza. Katika chama nilichosaidia kuanzisha, hatukufanya hivyo. Mkutano wetu wa pili mwanachama alikuja na chatu mdogo ndani ya mfuko wa nguo, akauweka chini ya kiti chake, na tulipomaliza mazungumzo mfuko ulikuwa mtupu. Tulimtafuta kwa muda wa saa nzima, tukamkuta amejikunja nyuma ya kabati la vitabu, palipokuwa na joto kidogo. Mwenye ukumbi hakukasirishwa sana na yule chatu. Kilichomkasirisha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa chumba cha pili, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Ilituchukua miezi minne kupata mahali pengine.

Hatua ya 5. Fanya mkutano wa kwanza bila wanyama

Dakika 90 zinatosha. Panga viti kwa duara, weka daftari la mahudhurio mlangoni, na mpe kila anayeingia kadi moja ya kuandika mambo matatu: anachokijua, anachotaka kujifunza, na anachoweza kukitoa kwa chama. Kadi hizo ni hazina. Katika mkutano wetu wa kwanza alikuwepo mzee mmoja aliyekaa nyuma bila kusema neno, na kadi yake ilikuwa na mstari mmoja tu: "Naweza kutambua vyura kwa sauti." Huyo ndiye aliyekuja kuongoza matembezi yetu yote ya usiku.

Anzeni kwa kila mtu kusema jina lake na mnyama aliyemfanya apende jambo hili. Msiharakishe sehemu hii, kwa kuwa ndipo watu huacha kuwa wageni. Kisha mmoja wenu atoe mazungumzo mafupi yenye picha kuhusu jambo dogo na mahususi, mathalani jinsi nyoka wasio na sumu katika eneo lenu wanavyofananishwa na wenye sumu, au kwa nini chura wa kiume wa kila spishi ana mlio wake. Malizeni kwa kugawana kazi mbili au tatu zilizo wazi, kila moja ikiwa na jina la mtu na tarehe.

*Kosa la kawaida:* Mwanzilishi huzungumza peke yake kwa saa nzima kwa sababu ana mengi moyoni. Ukijiona unafanya hivyo, uliza swali na unyamaze.

Hatua ya 6. Wekeni kanuni za wanyama

Hii ndiyo hatua ndefu, na haipasi kufupishwa. Kanuni ziandikwe, zisomwe mbele ya wote, na kila anayetaka kuleta mnyama atie saini. Zifuatazo ndizo ninazoziona kuwa za lazima.

Kwanza, hakuna nyoka mwenye sumu anayeletwa mkutanoni, hata kama mwenye naye ana kibali na uzoefu wa miaka mingi. Mazungumzo kuhusu fira na kifutu yanaweza kufanywa kwa picha na video. Nyoka mkubwa anayeua kwa kukaza ashikwe na watu wazima wawili, na kamwe asitundikwe shingoni mwa mtu kwa ajili ya picha.

Pili, mnyama aje katika chombo kigumu chenye matundu ya hewa na kifuniko kinachofungwa kwa komeo, kila mnyama na chombo chake. Nyoka awekwe kwanza ndani ya mfuko wa kitambaa, kisha mfuko uwekwe ndani ya chombo hicho. Foronya imara inafaa, lakini ipindueni ili mshono uwe nje, kwa sababu nyuzi zilizolegea ndani huweza kumzonga nyoka mchanga. Hakikisha nyoka yuko chini kabisa ya mfuko, sokota shingo ya mfuko mara kadhaa kisha funga fundo kwa kitambaa chenyewe, si kwa kamba, na unapoubeba ushike juu ya fundo. Yule chatu wetu alitoka kwa sababu mfuko ulikuwa umekunjwa tu mdomo.

Tatu, magonjwa. Wanyama wa wanachama tofauti wasigusane, wala wasipitishwe kutoka mkono hadi mkono bila mikono kunawiwa. Utitiri wa nyoka, vile vidudu vidogo vyeusi mithili ya nukta ambavyo hujificha pembezoni mwa macho na chini ya magamba ya kidevu, huhama kwa nguo na mikono, na mnyama mmoja aliyeambukizwa anaweza kusababisha usumbufu wa miezi katika nyumba tano. Mnyama mpya akae karantini peke yake kwa angalau siku 30, na wafugaji makini huenda hadi siku 90, kabla ya kuwekwa karibu na wengine au kuletwa mkutanoni. Anayepumua mdomo wazi, mwenye kamasi, aliyekonda au aliye katika kipindi cha kujivua gamba abaki nyumbani.

Nne, usafi wa watu. Reptilia na amfibia hubeba bakteria wa salmonela wakiwa na afya njema kabisa, kwa hiyo kumtazama mnyama hakukuambii lolote. Kila aliyemshika mnyama anawe kwa maji na sabuni, kitakasa mikono kikiwa nyongeza tu. Chakula na vinywaji viwe chumba kingine. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na watu wenye kinga dhaifu watazame bila kugusa. Nchini Marekani maambukizi ya watoto kutoka kwa kobe wadogo wa majini wa kufugwa yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1975 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofikia inchi nne, yaani takribani sentimita 10.

Tano, amfibia wasishikwe ila kwa sababu maalumu. Ngozi ya chura ndiyo anayopumulia kwa sehemu na ndiyo anayonywea, hivyo mafuta, sabuni au dawa ya mbu iliyobaki viganjani mwako humwingia moja kwa moja. Anayelazimika kumshika avae glavu mpya zisizo na unga, azilowanishe kwa maji safi, na azibadilishe kabla ya kumgusa mwingine.

Sita, hakuna kuachilia. Mnyama aliyefugwa asirudishwe porini, hata kama ni wa spishi ya hapo hapo, isipokuwa mamlaka ya wanyamapori iwe imeelekeza. Australia iliingiza chura wa miwa mwaka 1935 ili wawale wadudu wa mashamba, na hadi leo chura hao wanaendelea kuenea na kuua kwa sumu yao wanyama wa asili wanaowala. Chatu wa Burma waliotoka kwa wafugaji sasa wamejaa katika kinamasi cha Everglades huko Florida, Marekani. Chama kinachofumbia macho jambo hili kinaharibu kile kile kinachodai kukipenda.

Hatua ya 7. Andikeni katiba fupi, chagueni viongozi, tunzeni fedha

Baada ya mikutano mitatu au minne mtajua nani anarudi. Hapo andikeni katiba ya kurasa mbili: jina, lengo, nani anaweza kuwa mwanachama, ada, viongozi na muda wao, akidi ya mkutano, namna ya kumwondoa mwanachama, na mali itakwenda wapi chama kikivunjika. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanatosha. Ninashauri kiongozi wa nne, msimamizi wa ustawi wa wanyama, mwenye mamlaka ya kumzuia mnyama yeyote mlangoni bila kuomba ruhusa ya mwenyekiti.

Ada iwe ndogo, kila malipo yawe na stakabadhi, na fedha zitolewe kwa saini za watu wawili. Katibu aandike muhtasari wa kila kikao. Kisha nendeni mkasajiliwe, maana ofisi ya usajili itataka nyaraka hizo hizo. Mkisajiliwa, ulizieni bima ya dhima, yaani ya kulipia madhara yatakayompata mtu, kwa ajili ya mikutano na matembezi.

Hatua ya 8. Tokeni nje pamoja

Matembezi ya usiku baada ya mvua za kwanza ndiyo yanayowafunga watu na chama kuliko mazungumzo yoyote. Mnazima tochi kando ya kidimbwi, mnanyamaza dakika mbili, na kelele iliyokuwa moja inaanza kugawanyika masikioni: mmoja anagonga kama kokoto mbili, mwingine anakwaruza, wa tatu analia mara moja na kungoja. Mtu aliyesikia hivyo kwa mara ya kwanza hurudi.

Ombeni ruhusa ya mwenye ardhi. Msizidi watu 12 kwa kiongozi mmoja, na mwenye mtoto aandamane naye. Kila mtu awe na tochi ya kichwani, viatu vilivyofunika kifundo cha mguu na suruali ndefu. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja abaki na orodha ya waliotoka na saa ya kurudi.

Fuateni utaratibu huu wa kuinua gogo au jiwe, na kiongozi auonyeshe kwa vitendo:

1. Simama upande mmoja wa gogo, ulishike ukingo ulio mbali nawe kwa fimbo yenye kulabu, ulivute kuelekea kwako. Kwa namna hiyo gogo linakuwa ngao kati ya miguu yako na chochote kilichopo chini yake.
2. Tazama kwa sekunde chache kabla ya mtu yeyote kusogea.
3. Kukiwa na mnyama chini, usimfunike kwa gogo. Msogeze mnyama pembeni kwa upole kama si wa hatari, rudisha gogo katika alama yake ile ile udongoni, kisha mwachie aingie mwenyewe.
4. Akiwa nyoka usiyemjua, rudi nyuma na umwache aondoke.

Gogo lililogeuzwa na kuachwa hukauka upande wa chini, na makazi yaliyochukua miaka kutengenezeka hupotea kwa alasiri moja.

Viatu na nyavu visafishwe kati ya kidimbwi kimoja na kingine. Ondoa tope lote kwa brashi, loweka katika mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na sehemu tisa za maji, suuza mbali na kidimbwi, kisha anika vikauke kabisa. Kuna kuvu wa ngozi aitwaye kitridi ambaye husafiri kwa maji na tope. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulimhusisha na kupungua kwa angalau spishi 501 za amfibia, 90 kati yake zikidhaniwa kuwa zimekwisha kutoweka. Dakika kumi za kusugua viatu si usumbufu mkubwa mbele ya hasara hiyo.

*Tahadhari:* Picha za spishi adimu zisitangazwe pamoja na mahali zilipopigwa. Wakamataji haramu husoma pia. Zimeni utambuzi wa mahali katika simu zenu, na kumbukumbu kamili ziwe kwa katibu.

Hatua ya 9. Jiandaeni kwa simu za majirani

Ndani ya mwaka mmoja watu wataanza kuwapigia simu kwamba kuna nyoka jikoni. Amueni mapema mtajibu nini. Kama hamna mtu aliyefunzwa na mwenye kibali cha kukamata na kuhamisha nyoka, jibu lenu liwe kumwelekeza anayepiga kwa aliye naye, pamoja na maelekezo haya: kaa mbali, muondoe mtoto na mbwa, mtazame nyoka ili ujue alipo, usijaribu kumuua.

Wanachama wote wajue huduma ya kwanza. Aliyeumwa alazwe au akae atulie, pete na vikuku vivuliwe, kiungo kilichoumwa kifungwe gango ili kisisogee, naye apelekwe hospitali mara moja. Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza wala kumtafuta nyoka. Sumu iliyotemwa machoni ioshwe kwa maji mengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, kwa hiyo chama kinachofundisha hatua hizi katika shule moja tu kimekwisha kufanya kazi ya maana.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi na namna ya kuyatatua

*Mahudhurio yameporomoka baada ya mkutano wa tatu.* Ni kawaida, kwa sababu waliokuja kwa udadisi wameridhika. Usiwakimbilie. Piga simu kwa kila aliyebaki, mwombe kila mmoja achukue mada moja, na badilisha kikao kimoja kiwe matembezi.

*Wafugaji na wapenda wanyama wa porini hawaelewani.* Wa kwanza huonekana wanafunga viumbe, wa pili huonekana wanahukumu wenzao. Mzozo huu haumalizwi kwa mjadala. Wapeni kazi inayowahitaji wote wawili, kama kuandaa orodha ya spishi za eneo lenu: mpenda porini anajua zilipo, mfugaji anajua mayai, makuzi na tabia ambazo mwingine hajawahi kuziona kwa karibu.

*Mtu ameleta kobe wa mama yake aliyefariki, au kijana amechoka na kenge wake.* Hapa ndipo ile sentensi ya Hatua ya 3 inapofanya kazi. Kobe huweza kuishi zaidi ya nusu karne, na chama kisicho na jengo, chakula wala daktari hakiwezi kumlea. Msaidieni mwenye mnyama kupata kituo kinachotambuliwa na mamlaka, mfuateni mpaka afike, lakini msimpokee ninyi.

*Mwanachama amekuja na mnyama aliyemkamata porini.* Msimamizi wa ustawi amzuie mlangoni na kumweleza faraghani, bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Mpigieni afisa yule wa Hatua ya 2 simu na mfuate maelekezo yake kuhusu kumrudisha. Akirudia, katiba itumike.

*Mnyama ametoroka ukumbini.* Funga milango, ziba upenyo wa chini kwa taulo, mwambie mwenye ukumbi mara hiyo hiyo. Tafuteni kwa kufuata kuta, chini kwanza, kisha nyuma ya kitu chochote chenye joto. Msipompata hadi usiku, nyunyizeni unga kidogo mbele ya milango na kando ya kuta, asubuhi mtaona alama za mahali alipopita.

*Mwanzilishi amechoka au anahama.* Lisisubiriwe litokee. Tangu mwaka wa kwanza, katibu awe na jalada moja lenye katiba, orodha ya wanachama, kanuni zilizotiwa saini, mihtasari ya vikao, daftari la fedha, jina la afisa wa wanyamapori, namba ya daktari wa mifugo, mkataba wa ukumbi, na zile kadi za mkutano wa kwanza. Anayechukua nafasi akabidhiwe jalada hilo mbele ya wanachama, na mwanzilishi ahudhurie mikutano miwili inayofuata akiwa ameketi nyuma, ajibu anapoulizwa, kisha akabidhi ufunguo wa ukumbi.